Mwanangu, kazi yako inaanza kifaa kikizimwa

Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu sana, mguu wake umepata nafuu na tangu juzi amerudi shambani. Mvua za vuli zimeanza kwa nguvu, barabara ya kushuka Mombo ni utelezi mtupu, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono na mdogo wako ataipiga picha akutumie kwa simu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema mkufunzi wenu amewapa kazi, kila mmoja aeleze atatumiaje teknolojia darasani akishakuwa mwalimu. Ukaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe ungeandika nini?" Halafu ukaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kunikwaza, kwamba mtoto wa siku hizi hafundishiki tena kwa chaki na ubao. Hukunikwaza. Ila neno hilo ndilo lililonikalisha mezani usiku huu.

Ngoja nikueleze habari ya maharage, maana sijawahi kukusimulia.

Mwaka juzi nilikuwa na somo la kuota kwa mbegu, darasa la nne. Niliazima projekta kutoka sekondari ya jirani, tukaziba madirisha kwa kanga zangu mbili na shuka moja, nikawaonyesha video. Harage limelala kwenye udongo, linavimba, ganda linapasuka, mzizi unachomoza na kushuka chini, kisha shina linainuka likiwa limejikunja kama mtu anayetoka mlango mfupi, majani yanafunguka. Yote hayo kwa muda wa chini ya dakika moja. Watoto walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimeridhika kweli kweli.

Kesho yake kila mtoto akapanda maharage mawili kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Keshokutwa nafika shuleni saa moja kasoro, nakuta udongo umetapakaa baraza nzima. Karibu nusu ya darasa walikuwa wameyafukua. Kijana mmoja alisimama mlangoni ameliweka harage lake kiganjani, limevimba kidogo tu, macho yanamlengalenga machozi. Akaniuliza, "Mwalimu, langu limeharibika?"

Roho iliniuma. Video haikusema uongo hata kidogo. Ila ilikuwa imebana siku nyingi ndani ya dakika moja, na mimi mwalimu sikulisema hilo. Nilipozima projekta nilikunja waya, nikakunja kanga zangu, nikaenda zangu. Niliposahihisha madaftari ndipo nikaona jingine: binti mmoja ameandika kwamba mzizi wa harage ni mrefu kuliko mkono wake. Ndivyo alivyouona ukutani. Nani alimwambia kwamba ukuta unakuza?

Tukaanza upya. Safari hii kila asubuhi kabla ya kengele wanafunzi wawili wa zamu waliipiga picha chupa moja kwa simu yangu. Chupa ilikaa juu ya tofali, rula imesimama pembeni yake, na mahali pa kuweka simu tulipachora kwa chaki sakafuni ili pasibadilike. Siku ya kwanza udongo. Ya pili udongo. Ya tatu udongo, wakaanza kunung'unika. Siku ya nane likatokeza shina limejikunja, na yule wa zamu alikimbia na habari hiyo hadi jikoni kwa mpishi wa uji. Ilipofika siku ya kumi na nne niliwakusanya vikundi vikundi, nikazipitisha zile picha haraka haraka kwa kidole gumba, na harage likaota mbele ya macho yao, lao wenyewe, ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Yule kijana aliyekuwa na machozi akasema kwa mshangao, "Kumbe na wale wa video walisubiri!"

Simu ile na projekta ile, zote ni teknolojia. Ukiulizwa na mkufunzi tofauti yake, utajibu nini? Mimi nilipolitafakari nilirudi mbali sana, nyuma kabla hujazaliwa.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka sita. Babu yako alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya afya ya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi namna hiyo, na chetu kilikutana barazani kwetu. Redio yenyewe ilikuwa moja, ya betri. Kipindi kikiisha babu yako alikuwa anaizima papo hapo, maana betri zilikuwa ghali, halafu anafungua kitabu cha kampeni na kuuliza swali. Mimi nilikaa karibu na mlango. Sauti ya mtangazaji siikumbuki hata chembe. Ninachokumbuka ni wazee wakibishana choo kichimbwe wapi ili kisikaribie chemchemi, na bibi yako akiwaambia wanaume wote waliokuwepo kwamba wanaochota maji ni wanawake, basi waulizwe wao. Choo kilichimbwa. Redio iliwapa watu jambo la kuzungumza, na mazungumzo yalianza ilipozimwa.

Hapo ndipo nataka uanzie kazi yako. Wenzako wengi wataandika orodha: projekta, kompyuta mpakato, kishikwambi, intaneti. Wewe jiulize mtoto wako anafanya nini dakika kumi baada ya kifaa kuzimwa. Kama huna jibu, hujaandaa somo bado.

Usidhani nakukataza. Mimi mwenyewe simu imenisaidia pale ambapo miaka zaidi ya thelathini ya chaki haikunisaidia. Mwaka huu nina darasa la pili, watoto 74. Kuna binti mmoja anasoma kwa kunong'ona. Ukimsogelea ananyamaza, ukiondoka wenzake wanamzidi sauti. Nilidhani ni aibu. Mwezi wa tatu nikamtoa nje chini ya mti, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikampa sentensi mbili fupi, nikamwacha peke yake na simu kwenye jiwe. Usiku nikiwa jikoni nasubiri maharage yaive nikamsikiliza. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikasikia: palipoandikwa "shamba" alisoma "sahamba". Palipoandikwa "chungu" alisita, akaruka. Tatizo halikuwa aibu. Hakuna aliyemfundisha akaelewa kwamba herufi mbili zinaweza kubeba sauti moja. Mwalimu wake wa kumfundisha hilo ni mimi, na nilikuwa naye darasani tangu Januari.

Kesho yake nilimpa simu aiweke sikioni ajisikilize. Aliziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, halafu akaniomba nirudie. Tukakaa wiki tatu kwenye sha, she, shi, kwa kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Mwezi wa sita nilimrekodi tena. Kazi hiyo yote haikula bando hata kidogo. Ilitaka chaji na usiku wangu mmoja.

Sasa nikuambie jambo ambalo mwalimu mwenzako anaweza kukutupia, na inafaa uwe umelifikiria. Hapa hapa mkoani kwetu Tanga palifanyika majaribio makubwa ya mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumwezesha mtoto ajifunze kusoma mwenyewe, yaliyokuwa na zawadi ya dola milioni 10. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili, na vijijini vikajengwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Hapakuwa na mwalimu wa kuwasimamia. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Washindi wawili walitangazwa mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi.

Nakiri matokeo yale yalinifikirisha sana. Kama mtoto asiye na mwalimu anaweza kujifunza kusoma kwenye kioo, mimi nafanya nini hapa? Lakini niliwahi kupita kijiji kimoja nikawaona watoto watatu chini ya mwembe wamekizunguka kishikwambi kimoja. Mkubwa anagusa, mdogo anamwambia, "Siyo hiyo, sikiliza tena." Walikuwa wanafundishana. Wengi wa watoto hawa hawakuwa na shule kabisa, na kwao kile kifaa kilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi. Asiyelitambua hilo hawapendi watoto. Na ile nusu nyingine, iliyokaa na kishikwambi miezi 15 bila kusoma neno, hiyo ndiyo ninayoiona kila Januari inapoingia darasani. Hao ni wako, mwanangu. Hao ndio watakaokuamsha usiku.

Corona unaikumbuka mwenyewe. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, nyinyi mkarudi tarehe 29 Juni. Wewe ulikuwa na simu yangu pale barazani ukinakili maswali uliyotumiwa na rafiki zako, na mimi nilijua kwa majina watoto wangapi darasani kwangu hawakuwa na simu wala redio nyumbani. Waliporudi, mwanya kati yao ulikuwa umepanuka kiasi cha kuuona kwa macho. Kwa hiyo ukiwa mwalimu usitoe kazi ya nyumbani inayohitaji simu mpaka umejua nani hana.

Kuhusu mambo ya kila siku, nitakuambia machache. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 na baadaye walimu tukakabidhiwa, changu bado kizima. Nikishuka Mombo penye mtandao mzuri napakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nikipanda huku nasoma bila intaneti. Wewe nawe ukipangiwa mazoezi ya kufundisha, pakua kila kitu kabla hujasafiri. Video yoyote itazame mpaka mwisho ukiwa peke yako. Na somo lako liwe limekamilika ubaoni hata umeme ukikatika au Luku ikiisha katikati ya kipindi, kwa sababu itaisha.

Kuna la akili mnemba, zile programu unazoziuliza nazo zinakuandikia. Andalio la somo ulilonitumia mwezi uliopita nilijua si lako kabla sijafika katikati. Sikukugombeza, na sasa pia sikugombezi. Lilikuwa safi, malengo yamepangwa vizuri. Lakini liliweka kazi tano za vikundi ndani ya dakika 40, na kila kikundi kipewe karatasi kubwa na kalamu za rangi. Darasa la watoto 80! Hiyo programu haijui kwamba dirisha la kushoto halina kioo na mvua ikija wale wa upande ule wanahamia kulia. Haijui nani hajanywa chai asubuhi. Itumie ikutungie maswali ishirini ya kugawanya, uchague sita yanayofaa, urekebishe majina na vitu viwe vya kwenu. Andalio liandike mwenyewe, walau miaka mitatu ya mwanzo. Kuandika andalio ni kuwaona watoto kichwani kabla hujawaona kwa macho, na mwalimu asiyejizoeza hilo akiwa kijana sijui atalipata lini.

Na hili sitaki tulijadili: usiweke picha ya mtoto wa watu kwenye mitandao. Nimewaona walimu vijana wanamrekodi mtoto anayekosea kusoma, darasa linacheka, jioni iko kwenye simu za watu. Au mtoto wa sare iliyochanika, eti tumchangie, bila mzazi wake kuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo ningekuambia hivi hivi. Mtoto yule atakua, na aibu yake itakuwa bado inazunguka. Niliwalea nyinyi wanne nikijua hivyo, na watoto wa shule nawahesabu pamoja nanyi.

Kompyuta mpakato uliyoulizia, baba yako amesema tutauza viazi kwanza tuone. Tukijaaliwa utaipata kabla ya mwezi wa tatu. Kwa sasa simu yako inakutosha kufanya yote niliyokueleza.

Pamoja na picha za barua hii nakutumia faili moja ya sauti. Ni kijana wa darasa langu la pili, ana miaka minane. Mama yake ameniruhusu nikupe wewe peke yako, kwa hiyo usimpelekee mtu mwingine. Anasoma mistari minne. Miwili ya kwanza anaisoma vizuri, wa tatu anaanza kubahatisha, wa nne ananyamaza kabisa, unasikia kuku tu. Nimemsikiliza mara nne na sijajua anakwama wapi. Nimefikiri labda ni macho, labda anakariri alichosikia kwa wenzake, sina hakika. Vaa spika za masikioni, kaa mahali pa utulivu, msikilize, kisha niambie unadhani nimfanyie nini Jumatatu.

Nakusubiri.

Mama yako