Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: muhogo usifungwe kwa kesi ya mahindi

Mheshimiwa Waziri,

Jumamosi iliyopita niling'oa mashina sita ya muhogo wa aina ya Kibandameno hapa kwangu Kilifi. Majani yalikuwa ya kijani na mashina yamenyooka. Ungelipita njiani ungenipa hongera. Mke wangu alipoanza kumenya, kisu kikakwama. Ndani ya ile nyama nyeupe mlikuwa na mabaka ya rangi ya kutu, makavu kama kizibo cha chupa. Akakata huku, akakata kule, mwisho tukabaki na vipande vya kujaza sahani moja. Vilivyobaki tuliwapa mbuzi, na mbuzi nao wakachagua.

Ugonjwa huu ni michirizi ya kahawia, na wataalamu wako wanaujua vizuri. Si ule wa batobato, ambao hujionyesha kwenye majani mapema ukajua la kufanya. Huu hujificha. Virusi vyake hubebwa na nzi weupe, lakini zaidi hubebwa na sisi wenyewe, kwa pingili tunazopeana. Uliandikwa kitaalamu mwaka 1936 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara nchini Tanzania, na kwa miaka mingi ikadhaniwa ni balaa la watu wa pwani peke yao. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, ndipo na wa bara wakashtuka. Sisi tulikuwa tumeshazoea kutupa.

Naomba unielewe hapa, maana maofisini hasara huhesabiwa kwa magunia. Uzuri wa muhogo si wingi wake. Uzuri wake ni kwamba hauna haraka. Mahindi yakikauka lazima uyavune, uyaweke dawa, uyalinde na panya. Muhogo unauacha ardhini. Leo unang'oa shina moja la chajio, mwezi ujao mawili kwa sababu kuna ada ya shule, na mvua ikikosa bado unao. Udongo ndio ghala letu, halina kufuli wala kodi. Sasa michirizi imeingia humo ghalani. Kadiri muhogo unavyokaa ndivyo unavyooza, kwa hiyo watu wanaung'oa mapema, ungali mwembamba, na wanaouza kachri, zile chipsi za muhogo, Mombasa wanatulipa bei wanayotaka kwa kuwa wanajua hatuwezi kungoja.

Babu zetu hawakukaa bure. Kutokana na kazi ile ile ya Amani tulipata aina ya Kaleso, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita Namikonga, na mpaka leo inastahimili kuliko nyingi. Mtu ataniuliza, basi si mpande Kaleso? Wapo wanaoipanda. Lakini anayekula muhogo wa nazi jioni anataka Kibandameno, mtamu na laini, na ukiuchanganisha na aina nyingine kwa njia ya kawaida ya maua, mtoto anayezaliwa si Kibandameno tena. Muhogo haurithishi tabia zake kwa utaratibu. Hapo ndipo uhandisi jeni, yaani kubadilisha jeni za mmea maabara, ulipo na maana kwangu mimi, si kwa sababu naipenda maabara.

Jinsi ulivyofanywa si uchawi. Watafiti wa KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo, wenzao wa NARO ya Uganda na wa Kituo cha Donald Danforth cha Marekani walichukua kipande kidogo cha jeni ya ganda la virusi vyenyewe wakakitia ndani ya muhogo. Kipande hicho hakitengenezi protini mpya. Kazi yake ni kama ya mbwa aliyenusishwa shati la mwizi: virusi vikiingia, mmea unavitambua na kuvikatakata kabla havijazaana. Majaribio ya shambani, likiwemo la hapa jirani Mtwapa, yalionyesha mizizi safi. Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia ikauidhinisha muhogo huo, unaoitwa 4046, uingie majaribio ya kitaifa.

Halafu ukaja mzozo wa mahindi. Marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, ya Novemba 2012 iliwekwa baada ya utafiti wa panya waliolishwa mahindi, utafiti ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata. Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuatana, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikazisimamisha tena GMO mpaka rufaa isikizwe. Sina ugomvi na waliokwenda mahakamani. Anayeogopa kununua mbegu dukani kila msimu ana haki ya kuogopa, na anayeuliza mahindi ya nje yataua soko la wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia anauliza swali la maana. Lakini muhogo hauingizwi kwa meli, na mbegu yake ni kijiti nilichokikata shambani kwangu mwenyewe. Kuutia kapu moja na mahindi ni kumfunga mtu kwa kosa la jirani yake.

Na wewe, Mheshimiwa, usidhani nakuletea cheki tupu. Waliotengeneza 4046 walisema hautatozwa ada ya umiliki. Vizuri. Nataka niyaone maneno hayo kwenye karatasi ya serikali, kwa Kiswahili, yenye muhuri: kwamba nikimpa shemeji yangu pingili, na yeye akampa jirani yake, hakuna atakayetugongea mlango. Nataka pia tuambiwe ukweli wote. Aina ya muhogo ya TME 204, iliyotumika sana katika kazi hii, ilipoteza ustahimilivu wake wa batobato kwa sababu tu ya kupitishwa maabara, na watafiti wenyewe wakalitangaza jambo hilo. Kwangu hiyo ni sababu ya kuwaamini, si ya kuwakimbia. Hata ile habari ya chavua ya muhogo huo kufika kwenye miti ya mpira, jamaa ya muhogo tunayoichuma majani ya kisamvu, izungumzwe barazani na majibu yatolewe. Msitungoje tuisikie kwenye WhatsApp na chumvi juu.

Lakini jeni peke yake haitafika shambani kwa miguu. Miaka michache nyuma kikundi chetu kililetewa pingili za bure na shirika moja ambalo sitalitaja. Lori lilijaa, picha zikapigwa, tukapiga makofi. Pingili zilikuwa zimekwanyuliwa majani yote, na hakuna aliyetueleza zilikotoka. Msimu uliofuata tukavuna kutu, na wengine tayari walikuwa wamewagawia ndugu zao hadi Ganze. Muhogo wa 4046 ukiletwa namna hiyo, umechanganywa na muhogo wenye ugonjwa, watu watasema GMO ndiyo iliyooza, na hutapata mtu wa kukusikiliza tena. Weka vitalu safi katika kila wadi, viwe na mkulima anayejulikana na mkaguzi anayefika. Na sifa hiyo ya 4046 itiwe kwenye aina tunazokula sisi. Msituletee muhogo mgeni kisha mtushangae tukiuacha.

Mvua za masika zikinyesha itabidi nipande. Nimebakisha mashina arobaini ya Kibandameno nyuma ya nyumba, na pingili nitakata humo, kwa kuwa sina pengine pa kuzitoa. Majani yake ni mazuri. Chini sijafukua.

Ni mimi,
Mkulima wa muhogo, Kilifi