"Television" ni Kigiriki nusu tu

Mhariri,

Makala ya lugha katika toleo lenu la Jumamosi ilisema neno la Kiingereza "television", lililotupatia televisheni, ni la Kigiriki. Nusu tu. "Tele" ndiyo Kigiriki, maana yake mbali. "Vision" ni Kilatini, kutoka kitenzi videre, kuona, kilichozaa pia "visible" na "visa".

Mrusi Constantin Perskyi ndiye aliyelitumia neno hilo mwaka 1900, kwa Kifaransa, kwenye kongamano la umeme mjini Paris. Wagiriki wa leo wala hawalitaki: wao husema tileorasi, na orasi ni kuona kwa lugha yao. Wajerumani walitafsiri vipande vyote viwili wakapata Fernsehen.

Mwandishi wenu alitambua kipande cha kwanza akaishia hapo. Neno la aina hii hukatwa kwanza, kisha kila kipande kikatafutiwa asili yake. Pa kukata huonyeshwa mara nyingi na irabu ya kuungia: Kigiriki hupenda o, kama "therm-o-meter", Kilatini hupenda i, kama "carn-i-vore", mla nyama. Ndiyo maana "helicopter" hukatwa helic-o-pter: heliks, kitu kilichojisokota kama parafujo, na pteron, bawa. Wasemaji wa Kiingereza wenyewe wamelikata vibaya, wakachukua "heli" na kuunda "heliport", kiwanja cha helikopta, neno ambalo Mgiriki wa kale angelikodolea macho.

Irabu hiyo, hata hivyo, isiaminiwe peke yake. "Sociology", elimu ya jamii, lililoenezwa na mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19, lina o, ilhali socius, mwenzi, ni Kilatini. Nayo "tele" ina e yake tangu zamani, kwa hiyo haitoi dalili yoyote. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kufungua kamusi.

Wanafunzi hunaswa zaidi na vipande vinavyofanana sura. Homo ya Kilatini ni mtu, ndiyo iliyo katika "homicide", kuua mtu. Homos ya Kigiriki ni sawa, ndiyo iliyo katika "homogeneous". "Pedal" inatokana na mguu wa Kilatini, "pediatrics" na mtoto wa Kigiriki. Tahajia ya Uingereza, "paediatrics", bado inawatenganisha hao wawili. Ya Marekani imeifuta a, na mtego umebaki wazi.

Walimu wa lugha,
Morogoro