Barua ya wazi kwa vijana wanaoshika kompyuta za vyama vya msingi vya ushirika wa korosho

Marahaba, wajukuu zangu.

Nawaandikia ninyi wa Masasi, Newala, Tandahimba na hapa Mtwara mjini. Kutwa mnailalamikia LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi za ofisi, pamoja na Calc, sehemu yake ya lahajedwali: imeganda, imegoma, imekula hesabu. Mnalalamika kwenye kundi la WhatsApp, mnachekeana, kila mtu anaendelea na yake. Waliotengeneza programu hiyo hawamo kwenye kundi lenu. Wametawanyika duniani, wengine wanajitolea tu, na wana mahali pao pa kupokelea taarifa za kasoro, panaitwa Bugzilla. Akaunti ni bure. Pelekeni huko.

Ila mpeleke taarifa, manung'uniko yabaki nyumbani. Ukiandika "Calc haifanyi kazi, rekebisheni haraka", umemwachia mwenzio kitendawili. Hawezi kutengeneza asichokiona kikitokea kwenye mashine yake. Ghalani mnajua wenyewe: hata mkulima aape vipi kwamba korosho zake ni daraja la kwanza, sampuli itachukuliwa, zitakatwa na kuhesabiwa. Kasoro ya programu nayo ikatwe ionekane.

Tuseme Calc inajifunga kila unapopanga orodha ya wakulima kwa tarehe. Usikimbilie kutuma faili la msimu mzima. Fungua lahajedwali jipya, andika tarehe tatu kwenye safu ya kwanza, zipange. Ikijifunga, umeshaikamata. Isipojifunga, rudi kwenye nakala ya faili lako uanze kupunguza: futa karatasi za ziada, ondoa fomula, tenganisha seli zilizounganishwa, na kila ukipunguza kitu jaribu tena. Ikiacha kujifunga, ulichokiondoa mwisho ndicho cha kukishuku. Inachosha, najua, na umeme wetu huu nao! Lakini faili la mistari mitatu linalojifunga kila likiguswa litashughulikiwa mapema kuliko kurasa kumi za maelezo.

Halafu andika hatua zako moja baada ya nyingine, ulitarajia nini, na kimetokea nini. Toleo la programu na mfumo wa kompyuta utavikuta kwenye menyu ya msaada, palipo na maelezo kuhusu LibreOffice; nakili vyote kama vilivyo. Ujumbe wa kosa uandike kwa herufi hata kama umepiga skrinishoti, maana picha haitafutiki. Kiingereza kisiwatie haya. Sentensi fupi zinatosha, pale hakuna anayesahihisha insha.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Faili mnaloambatisha Bugzilla linaonekana na dunia nzima. Majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti zao za benki, kilo walizouza: vyote vitoke kwanza. Weka "Mkulima A" na namba za kubuni, kisha hakikisha kasoro bado inatokea. Na ukigundua tundu la kiusalama, usilitangaze hadharani. Lina njia yake ya faragha ya kulifikisha.

Si kila kero ni kasoro. Namba ya simu inayopoteza sifuri ya mbele ukiingiza faili la CSV (orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato), hiyo Calc imeidhania kuwa hesabu. Kwenye dirisha la kuingizia, weka safu hiyo kuwa maandishi, kwisha. Mengine yanatokana na mipangilio yako tu, kwa hiyo anzisha programu upya kwa hali salama (Safe Mode, isiyotumia mipangilio yako) uone kama tatizo linabaki. Tafuta pia kama kuna aliyekutangulia kuripoti. Akiwepo, ongeza maelezo yako chini ya yake badala ya kufungua taarifa mpya. Na kasoro mbili ni taarifa mbili.

Ukishatuma usipotee. Mtu atajaribu hatua zako, akikwama atakuuliza, na taarifa itakungoja wewe. Ukinyamaza sana itafungwa. Wengi wenu hapo ndipo mnapowaangusha.

LibreOffice hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na matoleo ya majaribio hutangulia. Hilo la Agosti lijaribuni Juni na Julai, kwenye kompyuta isiyo na kazi za chama. Mnada wa korosho ukianza Oktoba hamtakuwa na muda wa kufuta seli moja moja.

Babu yenu,
Mtwara