Njoo unishikie mapanga

Sakina, Arusha

Chalii angu,

Mambo vipi, huko Majengo mko poa? Mama hajambo? Sisi wazima, baridi tu ndo imetukalia. Tangu msiba wa kwa Msuya kimya, najua, na wewe usininunie maana hata bip hujanipiga. Sasa nina shida, na ni shida ya aina yako kabisa.

Unaikumbuka ile helikopta ya rimoti ya shemeji yake Msuya kule Kigamboni? Ile ya petroli, injini ya tuustroki ya cc 23. Ameniuzia kwa bei ya kutupa, ila mama Neema anajua nimepewa bure kwa hiyo ukija usiropoke. Tatizo haiwaki ikatulia. Navuta kamba, inakohoa, inajaza moshi uani, inazima. Nikifungua plagi imelowa na nyeusi tii.

Nikamwita fundi wa bodaboda hapa jirani, akatafuta bakuli la kabureta weee, hakuna, akasema nimeuziwa kabureta iliyochomolewa vitu haha. Si ndo zilivyo hizi, haina bakuli wala boya, ina kidiaframu, kile kigozi chembamba, kinachovuta petroli ili ifanye kazi hata ikilala kichwa chini, sawa na zile chensoo za kukatia miti ulizokuwa unatengeneza West Kilimanjaro. Akataka ninunue plagi mpya. Mi nasema ni hewa. Ilityuniwa Dar usawa wa bahari, huku tuko karibu mita 1,400, hewa nyepesi, petroli inazidi. Nadhani inataka skrubu ya L (ya mizunguko ya chini) ikazwe kidogo sana, halafu ya H (ya mizunguko ya juu) ikishachangamka, ila ukizidisha umeua pistoni maana oili yenyewe inaingia humohumo na petroli (nachanganya 32 kwa 1, ndo karatasi yake inavyosema). Au diaframu imekauka kwa kukaa sana? Wewe ndo unazijua.

Hayo ya skrubu ningehangaika nayo mwenyewe. Mapanga yake ya juu yanayozunguka ndo yananinyima usingizi. Ncha kwa ncha ni mita moja na nusu, yakiwa angani yanapiga kama mizunguko 1,450 kwa dakika, nimepiga hesabu usiku, ile ncha inapita kilomita 400 kwa saa, na hapo mimi nimeinama pembeni navuta kamba! Klachi yake inashika injini ikipandisha mizunguko, yaani ikiwa sailensa, inaunguruma taratibu tu, mapanga yanatakiwa yatulie. Lakini sailensa ikiwa juu, au stiki ya mafuta kwenye rimoti haijashuka mpaka chini, ikiwaka tu yanaanza kuzunguka. Kwa hiyo lazima mtu ashike ile kichwa ya juu yanapofungwa mapanga kwa nguvu wakati mwingine anavuta. Rimoti inawashwa kwanza, halafu betri ya kwenye helikopta, stiki chini, choki, kamba. Ikikohoa unafungua choki. Usiachie kichwa mpaka tuhakikishe imetulia sailensa, ndo tunaibeba kwenda mbali na watu.

Dogo wa jirani amejitolea kushika, nikamwambia aende zake akacheze mpira. Mtoto wa watu!

Sitaki kuirusha bado, kwanza tuwaulize TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, mambo ya kibali, na Kisongo hata usiitaje, ndege zinatua pale. Nataka iwake tu, itulie, niisikie.

Halafu ile hela ya Msuya... basi, tutaongea ukija.

Sasa Jumamosi upo? Unapanda Kosta ya asubuhi au mpaka umalize kazi za watu? Kile kibisibisi chako chembamba bado unacho, na diaframu za chensoo hazijabaki hata moja nijaribishie? Glavu nzito je? Na mama atakuruhusu ulale huku, au nimpigie mwenyewe? Nijibu leo kabla yule dogo hajarudi tena.

Wako,
Baba Neema