Hela ya sandukuni haina statimenti: akina mama, tiketi ya Roma ije mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na akina mama wenzangu wa jumuiya, maana nasikia saivi parokia nyingi huku Moshi wanachangishana tena hija ya Roma. Sisi tulienda Septemba 2025, mwaka wa Jubilei, Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro ukiwa bado wazi (ulifungwa 6 Januari 2026), tukaenda tisa. Tuliolipa tulikuwa kumi na moja. Hao wawili ndo wamenifanya nishike kalamu.

Wakala alituambia tiketi zinapanda kila siku tuwahi, basi tukakata zile za bei chee ambazo ukighairi hurudishiwi hata senti, viza akasema mtaomba baadae. Kumbe kwenye viza ya Schengen, hiyo ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, wanataka tu buking inayoonyesha unaenda lini unarudi lini, sio lazima uwe umeshalipa. Hilo tumekuja kuambiwa Dar, hela imeshaenda.

Afu tukaulizwa statimenti za benki. Jamani, mtu anauza ndizi Mbuyuni miaka ishirini, hela yake iko kwenye sanduku la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu na funguo zimeshikwa na watu watatu, na ni nyingi kuliko za mwalimu mstaafu kama mimi, ila sanduku halitoi karatasi yenye muhuri. Mwenzetu mmoja akakimbia kufungua akaunti akatumbukiza milioni sita siku moja, na nadhani hapo ndo aliharibu kabisa, maana hela iliyoingia jana inaonekana kama ya kuazima. Wote wawili wakanyimwa viza. Ada ya viza, euro 90, hairudi hata ukinyimwa.

Kwahiyo wewe unayetaka kwenda mwakani fungua akaunti sasa hivi, mauzo yapite humo kidogo kidogo hata kama VICOBA unaendelea nayo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, ila usingoje hizo 15 kwani wakiona kuna kitu cha kuchunguza wanaweza kukaa nayo hadi siku 45. Bima ya safari iwe inayoweza kulipia matibabu ya kuanzia euro 30,000. Na alama za vidole unaenda mwenyewe, hutumi mtu. Mama mmoja wa Kibosho vidole vimelika kwa jembe, mashine ikamkataa mara nne, yule dada anayepokea maombi ya viza akatoa losheni kwenye mkoba wake akampaka, sugua mama, sugua, ndo gumba likakubali. Tulicheka ila mwenyewe alikuwa anatetemeka.

Njia tuliyopita ni KIA (uwanja wetu wa Kilimanjaro), Addis Ababa, Roma, tiketi moja, begi unalikabidhi KIA unalikuta Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma. Kuna wanaounganisha tiketi mbili tofauti eti wanaokoa laki mbili tatu, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na hakuna wa kumlaumu. Dawa za presha beba mkononi. Kanga nazo msisahau, Mtakatifu Petro huingii mabega wala magoti yakiwa wazi, kuna dada wa kizungu mbele yetu alizuiwa kwa ajili ya kikaptula, tukamwazima kanga akajifunga akapita, na alivyotoka alikuwa hataki kuirudisha.

Wakala ukimpigia kuhusu tiketi za wale wawili walionyimwa viza anasema bado anafuatilia. Wale wenzetu tuliwaletea rozari, mmoja akaipokea akaibusu, akaikunja kwenye leso, afu akaniuliza, "Mwalimu, na ile hela yangu je?"

Mwalimu mstaafu,
Moshi