Kwa mpwa wangu anayekwenda kuhesabu ndege Siberia

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Habari yako imenifikia barazani kabla ya simu yako: chuo kinakupeleka Taymyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, ukakague viota vya ndege wahamao kiangazi kizima. Mtaa wote wa Majengo washajua. Mzee mmoja akauliza, kwani Urusi imeishiwa watu hata ichukue mtoto wa Mombasa kuhesabu ndege wake? Nikamjibu si wake peke yake, ni wetu pia. Nikamaliza kahawa nikaondoka, maana maelezo ni marefu. Nakupa wewe.

Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, unawajua. Maji yakipwa hori ya Tudor, au kule Mida upande wa Watamu, wamejaa topeni wakidona. Mtazame mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwa chini. Wataalamu humwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni gramu 55 hivi. Ikikaribia Aprili hula minyoo na kaa wadogo mpaka apite gramu 80, kisha siku moja unakuta wengi hawapo. Wamekwenda huko huko uendako, zaidi ya kilomita 9,000 ukipima moja kwa moja, na Taymyr ndiyo ngome ya mazalio yao. Miti hakuna, kwa hiyo mayai, manne kwa kawaida, hutagwa chini. Madume hawaatamii, Julai haijafika mbali wengi wao washafungasha, na mama hubaki na vifaranga peke yake. (Dadangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Sielezi kwa nini.)

Sasa shika hili, ndilo lililonifanya niandike. Huko utaambiwa hesabu viota, pima mayai, vika ndege pete za miguuni. Fanya. Lakini mwangalie na lemingi, yule panya mnene wa tundra, nyika ya baridi isiyo na miti. Lemingi huzaana wakajaa kila kona, kisha hupukutika, na mzunguko huo huchukua miaka mitatu au minne. Wakiwa wengi, mbweha wa aktiki hushiba nao na vifaranga hupona. Wakipukutika, mbweha waliozaliwa mwaka wa neema wana njaa, na yai la kitwitwi liko chini pale pale. Watafiti wa Afrika Kusini waliokuwa wakikagua makundi ya ndege hawa waliliona: kiasi cha vijana kundini hupanda na kushuka kwa kufuata lemingi wa Taymyr.

Ina maana hata sisi huku tunaweza kujua mwaka wa huko umekuwaje. Ndege wakubwa hutangulia, kuanzia Agosti, wengine bado na mabaka ya rangi ya kutu kifuani. Vijana hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaongoza, na manyoya yao ya mgongoni yana ukingo mweupe kama magamba ya changu. Oktoba ikifika na magamba hayaonekani, mbweha wamekula. Na wale wachache unaowakuta hapa katikati ya kusi, ambao watu hudhani ni wagonjwa, wengi ni vijana wa mwaka uliopita. Mwaka wa kwanza hawarudi kaskazini.

Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, walimpandisha ndege huyu daraja la hatari kwa sababu anapungua. Kinachonisumbua ni wapi anapopungulia. Tudor mikoko imekatwa na maji taka yanaingia, hilo tunaliona kwa macho. Lakini bila habari za mazalioni tutalaumu tope letu kwa kosa la mbweha, au tutamsingizia mbweha huku sisi ndio tunaoharibu.

Mamako anauliza utaswali magharibi saa ngapi mahali ambapo jua halizami. Masheikh wameijadili: wapo wasemao fuata saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, wapo wasemao fuata Makka. Uliza kabla hujapanda helikopta. Mbu wa huko hawana malaria ila ni wengi kupita wa Kisauni msimu wa mvua, kwa hiyo chukua chandarua cha kichwa. Na dubu mweupe usimpige picha kwa karibu kwa ajili ya kuturingishia.

Kwenye daftari lako usiruke siku tupu. Umetembea toka asubuhi, lemingi hukuona, andika sufuri, na tarehe, na umetembea umbali gani. Ukiacha wazi, atakayesoma hatajua kama hawakuwepo au ulikuwa umelala.

Nitumie neno moja tu ukipata mtandao: wengi, wachache, au hakuna. Liwe limefika kabla ya Septemba, nijue vijana wangapi wa kutarajia nikienda Mida na darubini.

Mjombako