Usiku nani yuko macho? Kuhusu nyumba za wazee sita

Mhariri,

Familia nyingi za Waafrika Mashariki katika jimbo la Washington, Marekani, sasa zinakabiliwa na uamuzi mgumu: mzazi asiyejiweza apelekwe kwenye jengo kubwa la wazee, au kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani yenye leseni ya kulea kwa kawaida hadi watu sita, ile inayoitwa AFH (Adult Family Home)? Sisi tunaofanya kazi humo tunaona wengi hulinganisha bei, mazulia na harufu ya jikoni. Wachache huuliza usiku nani yuko macho.

Mchana, nyumba hizi zina sifa za kweli. Wahudumu wawili kwa wazee sita ni mmoja kwa watatu, na majengo makubwa hayafiki hapo kirahisi. Mhudumu anagundua mapema kwamba bibi leo hakumaliza chai na maneno yake yamevurugika ghafla. Kwa mzee, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuanza hivyo hata kabla ya homa. Mwenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hapotei kwenye nyumba yenye korido moja. Na mwenye nyumba akiwa wa kwetu, Kiswahili kinasikika, jambo lenye uzito, maana ugonjwa huo mara nyingi hufuta kwanza lugha aliyojifunza mtu ukubwani.

Sasa tuje usiku. Chukua wazee wawili wasioweza kujigeuza kitandani. Ili wasipate vidonda vya kulala, kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hiyo ni mizunguko minne. Kila mzee akichukua dakika kumi na tano kila mzunguko pamoja na kubadilishwa pampasi, ni saa mbili kamili za kazi, zilizokatwa vipande vipande. Kama mhudumu wa usiku ameajiriwa kama mtu anayelala hapo, na asubuhi ndiye anayepika uji na kugawa dawa, kuna kitu kitaachwa. Mara nyingi huachwa mzunguko wa saa nane usiku. Kidonda huonekana siku kadhaa baadaye, kwenye kisigino au juu ya makalio, na kila mtu anashangaa.

Anguko nalo ni hivyo hivyo. Mzee anayehitaji watu wawili kumwinua hawezi kuinuliwa na mmoja bila mashine ya kunyanyulia. Ulizeni kama mashine ipo, na nani amefundishwa kuitumia.

Kwa nini basi mwenye nyumba anampokea mgonjwa asiyemmudu? Kwa sababu ya hesabu. Chumba kimoja kikiwa kitupu, sehemu moja kwa sita ya mapato imekwenda, na mkopo wa nyumba haungoji. Jengo la vyumba themanini haliumii hivyo. Si lazima awe mtu mbaya, amebanwa tu.

Kabla ya kwenda, someni fomu ya huduma ambayo kila nyumba huijaza kwa idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya, DSHS. Inaonyesha kama kuna mhudumu anayekesha, na lini nesi anapatikana. Someni pia ripoti za ukaguzi, ziko wazi kwa umma. Kosa la karatasi lililorekebishwa halitutishi. Kosa la dawa lililojirudia, hapana, tafuteni kwingine.

Nendeni mara mbili: siku ya kazi wakati wa chakula cha mchana, kisha Jumamosi jioni, saa ambazo wenye dimenshia huhangaika zaidi na wahudumu huwa wachache. Fungueni bomba la maji moto bafuni. Yasizidi nyuzi 120 za Farenhaiti, karibu 49 za Selsiasi, maana ngozi ya mzee huungua upesi. Ombeni kuonyeshwa daftari la dawa, majina yakiwa yamefunikwa. Kama ni saa saba mchana na dawa za jioni zimeshatiwa saini kwamba zimetolewa, ondokeni. Kwa mzee anayechomwa insulini, ulizeni kazi hiyo kwa jina lake: ni nesi gani amemkabidhi mhudumu kazi hiyo rasmi, kama sheria ya Washington inavyoruhusu, na siku mhudumu huyo akiugua anachoma nani?

Kwa babu anayetembea, anayependa karata na mabishano ya siasa, tungesema jengo kubwa. Akiwekwa na watano wasiokumbuka jina lake, atabaki na televisheni.

Kuhusu fedha, Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, hailipii kukaa huko. Medicaid, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kusaidia, lakini zipo nyumba zinazotaka kwanza miaka kadhaa ya malipo ya mfukoni, na nyingine haziipokei kabisa. Akiba ikiisha, mzee anaweza kupewa notisi ya siku thelathini na kuanza upya kwa watu asiowajua. Sera ya nyumba kuhusu Medicaid iombeni kwa maandishi, na isomwe na mtu mwingine kabla ya saini.

Wahudumu wa wazee,
Tacoma, Washington